Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa Moto Katika Baridi ya Kigezi

Tangu mwezi wa Juni uanze, barua nyingi zinazoifikia safu hii zimetoka nyanda za juu, yaani Kabale na Kisoro huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na Kapchorwa upande wa mashariki, na nyingine zimetoka kwa watu wa tambarare walio na jamaa huko. Huu ndio msimu ambao ukungu wa Ziwa Bunyonyi huchelewa kuondoka na watu huketi mezani wakiwa wamevaa makoti. Wasomaji wanauliza kuhusu mvinyo wa moto uliotiwa viungo, kinywaji ambacho watu wa Ulaya hukinywa katika majira yao ya baridi, na ambacho baadhi yao wameanza kukipika majumbani mwao. Tumezifupisha barua, na kila moja tumeijibu kwa urefu unaostahili. Majibu yanayohusu pombe ni kwa mtu mzima aliyetimiza miaka 18, ambao ndio umri unaoruhusiwa na sheria ya Uganda.

Swali: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kabale. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilikunywa mvinyo wa moto uitwao Glühwein katika masoko ya Krismasi, na niliupenda mno. Hapa nyumbani nimenunua chupa ya mvinyo mwekundu, nikaichemsha kwa nusu saa pamoja na sukari, mdalasini na konzi ya karafuu. Ulitoka mchungu, na mke wangu akasema unanuka kama chumba cha daktari wa meno. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, umetueleza hatua zako waziwazi, na humo ndani mna majibu mawili: moto na karafuu. Tuanze na moto, kwa kuwa ndio unaoharibu mvinyo wa watu wengi.

Pombe iliyomo katika mvinyo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100 mtu akiwa usawa wa bahari. Mji wenu uko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na huko maji yenyewe hutokota yakifika nyuzi 93 tu. Mvinyo, kwa kuwa ni mchanganyiko wa maji na pombe, hutokota mapema zaidi, na hapo ndipo mpishi wa milimani anapodanganyika: anayaona mapovu na kudhani kwamba kinywaji ndiyo kwanza kinapata moto, kumbe harufu nzuri ya zabibu imekwisha kupaa pamoja na mvuke. Kinachobaki sufuriani ni uchachu, ukakasi wa maganda ya zabibu, na sukari. Pombe nayo huondoka, kwani jedwali linalotumiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichotiwa pombe kikitokota kwa nusu saa hubakiwa na takriban asilimia 35 yake. Wenyeji wako wa Ujerumani hawafanyi hivyo. Katika masoko yao, kama lile la Dresden ambalo lilianza mwaka 1434, mvinyo hupashwa moto na kushikiliwa kwenye joto bila kutokota, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka kinywaji kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na pombe isiyopungua asilimia 7 na kisizimuliwe kwa maji.

Karafuu ni kiungo tunachokiheshimu sana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, lakini kina nguvu nyingi. Mafuta yake hutumika kutia ganzi kwenye meno yanayouma, kwa hiyo mkeo alinusa sawasawa kabisa. Chupa moja ya mililita 750 inatosheka na punje 5, au 6 zikiwa za zamani na zimepoteza ukali.

Safari nyingine fanya hivi. Tia sufuriani nusu kikombe cha maji, vijiko vitatu vya mezani vya sukari, vijiti viwili vya mdalasini vyenye urefu wa kidole, punje 5 za karafuu, iliki 3 zilizopasuliwa, vipande vichache vyembamba vya tangawizi, na ganda la chungwa moja. Mchanganyiko huu uache uchemke bila wasiwasi, kwa sababu bado hamna humo kitu cha kupotea, hadi maji yapungue sana na kuwa mazito kidogo, jambo ambalo huchukua dakika 10 hivi. Hapo ndipo utakapoupunguza moto, umimine mvinyo, ufunike, na kuvumilia dakika 15 hadi 20. Ukiona mvuke mwepesi unapanda na vipovu vidogo vinang'ang'ania ukingoni mwa sufuria bila kuibuka katikati, ipua, kwa kuwa umekaribia nyuzi 70 na hakuna faida ya kuendelea. Chuja viungo vyote, kisha onja kabla ya kuongeza sukari.

Tumia viungo vizima tu, kwa maana unga wa mdalasini hauchujiki na huacha tope chini ya kikombe. Kuhusu chungwa, yale yanayotoka Teso hubaki na rangi ya kijani hata yanapoiva, kwa sababu usiku wa huko hauna baridi ya kuyabadilisha rangi. Usiyakatae kwa ajili hiyo. Lioshe vizuri, limenye kwa kisu kikali, uchukue ganda la juu peke yake na kuuacha utando mweupe, ambao ni mchungu.

Swali: Mimi ni mama wa nyumbani hapa Mbarara. Nilifuata maelekezo niliyopewa na rafiki yangu na wala sikuuacha mvinyo utokote, lakini ulikuwa na ladha ya chuma, na sufuria yangu ikabadilika rangi kwa ndani. Napikia sigiri ya mkaa. Je, tatizo ni mkaa?

Jibu: Hapana, mama, tatizo ni sufuria. Nyingi ya zile tunazonunua masokoni, zile nyepesi zinazong'aa, ni za alumini, na mvinyo una asidi ambayo huila alumini kidogo kidogo kila inapopata moto. Ndiyo sababu ya ladha ya chuma, na ndiyo sababu sufuria imegeuka rangi ndani. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli ambayo haijabanduka. Ikiwa huna hata moja, birika la enameli litafaa, kwa kuwa chupa moja haihitaji chombo kikubwa.

Mkaa wenyewe hauna ubaya ukijua kuutuliza. Usiweke mvinyo juu ya makaa mapya yanayowaka kwa nguvu. Subiri chakula cha jioni kiishe kupikwa, funika makaa yaliyobaki kwa majivu yake, ndipo uweke sufuria. Kila mama anayepika matoke anaufahamu moto huu: ni ule ule anaouacha chini ya matoke yaliyokwisha kuiva na kupondwa, yakiwa bado yamefungwa katika majani ya mgomba, ili yaendelee kupata joto hadi wageni wafike. Moto huo unafaa mvinyo kuliko jiko la gesi, ambalo hata likipunguzwa sana huunguza katikati ya sufuria.

Swali: Kikundi chetu cha akina mama hapa Kayunga hutengeneza mvinyo wa mananasi. Wateja wa Kampala wanatuambia kwamba mvinyo wa moto lazima uwe wa zabibu na uwe mwekundu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, dada zetu. Huko huko Ujerumani uko mvinyo wa moto unaotengenezwa kwa mvinyo mweupe, na mvinyo wenu wa mananasi unafanana nao zaidi kuliko ulivyo karibu na mwekundu. Una uchachu wa matunda na harufu kali ya nanasi, na vyote viwili vinapatana vizuri na joto. Tofauti iko katika viungo. Karafuu na mdalasini vikizidi vitalifunika nanasi, kwa hiyo wekeni punje 2 tu za karafuu na kipande kimoja cha mdalasini, kisha mtegemee tangawizi, iliki na mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa.

Nanyi mnaishi katika eneo lenye kiungo ambacho wenzetu wa Ulaya hukinunua kwa bei ya kutisha. Vanila hulimwa Mukono, Kayunga na Bundibugyo, na ua lake huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Nusu ya ganda moja la vanila lililopasuliwa kwa urefu inatosha chupa nzima ya mvinyo wa mananasi, na kwa maoni yetu hakuna kiungo kinachoupendeza zaidi. Angalieni tu kwamba ni vanila iliyokwisha kukaushwa na kuiviswa ikawa nyeusi na laini, kwa sababu ile ya kijani inayotoka shambani haina harufu yoyote.

Onjeni mvinyo wenu kabla ya kutia sukari. Mvinyo wa matunda mara nyingi hubaki na utamu wake, na hali ni hiyo hiyo kwa ule mvinyo mwekundu mtamu unaopendwa sana Kampala: huo hauhitaji hata kijiko kimoja. Anayenunua mvinyo wa zabibu dukani achague mwekundu usio mtamu, wa bei ya kawaida, na ule wa Afrika Kusini unapatikana kirahisi. Mvinyo ghali uliokaa miaka kwenye mapipa ya mwaloni haufai kupashwa moto, kwa kuwa ladha ya mbao hugeuka kuwa uchungu, nayo fedha ya mnunuzi hupotea bure.

Swali: Sisi Soroti tumekunywa ajon, pombe yetu ya ulezi, ikiwa ya moto tangu enzi za mababu, tukiketi kuzunguka chungu kimoja na kila mtu akiwa na mrija wake. Kwa nini mnatufundisha jambo la Wazungu kana kwamba ni jipya?

Jibu: Mzee wetu, shikamoo, na hoja yako tunaipokea. Ajon, ambayo Kampala wanaiita malwa, ni kinywaji cha moto kilichokuwepo Teso kabla mtu yeyote hajaleta chupa ya mvinyo nchini, na adabu yake ya kuketi pamoja, kila mzee mahali pake na mrija wake mrefu, ni jambo ambalo kinywaji hiki cha Ulaya hakina. Pale sokoni Dresden mtu hunywa amesimama, kikombe mkononi, akimaliza anaondoka.

Hata hivyo utendaji wa vinywaji hivi viwili ni tofauti, na asiyeutambua anaweza kuviharibu vyote viwili. Katika ajon, maji ya moto ndiyo yanayoivuta pombe na ladha kutoka katika ulezi uliochachuka, ndiyo maana mnayaongeza tena na tena kadiri chungu kinavyopungua. Mvinyo umekwisha kukamilika kabla ya kufika jikoni. Ukiongezwa maji unapooza na hakuna kinachoweza kuurudisha. Kazi ya moto hapa ni kuvifungua viungo tu. Wala Wazungu hawakuanza jambo hili juzi, kwani Warumi wa kale walipasha mvinyo pamoja na asali, wakautia pilipili manga, zafarani na tende, na pilipili hiyo ilisafiri kutoka Bara Hindi kupitia bahari yetu. Punje chache za pilipili manga zilizopondwa kidogo bado zinapendeza leo, na tunawahimiza wasomaji wazijaribu.

Swali: Shikamoo mama. Sisi ni vijana watano wa Kampala, wote tumemaliza chuo. Tunataka kupika mvinyo wa moto usiku wa Krismasi, na mwenzetu mmoja anasema kuwa bila kuongeza waragi, ile pombe kali ya kwetu, hauna nguvu. Anaifahamu nyumba inayopika waragi nzuri sana kijijini kwao.

Jibu: Marahaba wanangu. Nitayajibu mambo mawili, na la pili nawaomba mlisome kwa makini kuliko yote yaliyomo katika safu hii.

La kwanza ni Krismasi. Ulaya hunywa kinywaji hiki mwezi wa Desemba kwa kuwa Desemba ni baridi kwao. Kampala katika mwezi huo kuna jua na joto, na mvinyo wa moto utawatoa jasho tu. Kinywaji hiki kinafuata baridi wala hakifuati kalenda, kwa hiyo ungojeeni usiku wa Julai mkiwa mmetembelea Kabale, au jioni moja ya mvua kubwa ya Aprili.

La pili ni waragi. Ni kweli kwamba baadhi ya watu wa Ulaya huongeza pombe kali; Waswidi, kwa mfano, hutia brandi au vodka katika glögg yao, kisha wakaweka zabibu kavu na lozi ndani ya kikombe. Lakini waragi iliyopikwa nyumbani msiitie katika sufuria hii, hata kama mpishi wake ni shangazi wa mwenzenu. Mwezi wa Aprili 2010, wilaya ya Kabale ilizika watu wengi sana waliokunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Methanoli haina rangi, na mtu hawezi kuitambua kwa kuonja wala kwa kunusa. Mwilini hugeuka kuwa sumu inayoua mishipa ya macho na kumfanya mtu kipofu kabla ya kumuua. Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, kupasha moto kutaiondoa. Hilo ni kosa la hatari, kwa sababu ikisha kuchanganyika na maji na pombe haitoki yote kwa namna hiyo, hata sufuria ikitokota. Mtu aliyekunywa pombe asiyoijua, akaanza kuona ukungu machoni, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali saa ile ile, asiachwe alale ili pombe imwishe.

Ikiwa ni lazima muongeze, basi iwe pombe kali ya kiwandani iliyonunuliwa dukani ikiwa na muhuri wake kamili, nayo itiwe baada ya sufuria kuondolewa motoni na kuwekwa mbali na sigiri, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Kijiko kimoja cha mezani kwa kila kikombe kinatosha. Kwa maoni yangu hamuihitaji kabisa, maana mvinyo wenyewe una asilimia 12 hadi 14 za pombe, na ukinywewa wa moto, tena wenye sukari, hunyweka upesi kuliko mtu anavyotarajia.

Swali: Mimi ni mkaza mwana katika nyumba moja ya Kisoro. Baba mkwe wangu amezidi miaka 70 na anameza dawa za shinikizo la damu. Kila usiku hunywa vikombe vitatu vya mvinyo wa moto akisema ndiyo dawa ya baridi na ya kikohozi, kisha hulala huku sigiri ikiwa chumbani na madirisha yakiwa yamefungwa. Naogopa, lakini siwezi kumkemea. Nifanye nini?

Jibu: Binti yetu, hofu yako ni ya haki, na umefanya vyema kuandika. Lililo la haraka zaidi si mvinyo bali ni sigiri. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, na mtu aliyelala huivuta hadi asiamke tena. Aliyekunywa pombe yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu maumivu ya kichwa na kichefuchefu ambavyo vingemwamsha mtu mwingine havimwamshi yeye. Usiku wa leo, kabla ya jambo jingine lolote, sigiri itolewe nje hata kama makaa yanaonekana kuwa yamezimika. Mpelekeeni blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, aiweke miguuni.

Kuhusu joto la mvinyo, mzee hadanganyi anaposema kwamba anahisi joto, ila mwili wake unamdanganya. Pombe huitanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto ikaja juu, uso na mikono vikasisimka kwa joto. Lakini damu iliyokuja juu hupoa upesi, na joto la ndani, ambalo ndilo linaloulinda moyo, hupungua. Kwa mzee anayelala katika baridi ya Kisoro, vikombe vitatu vinamwacha na joto dogo zaidi saa nane za usiku kuliko ambalo angekuwa nalo bila kunywa. Kinywaji hiki kinamfaa mtu aliyeketi na wenzake ndani ya nyumba yenye joto, akiwa amekwisha kula. Hakimfai anayekwenda kulala katika baridi wala anayejiandaa kutoka nje. Na kikohozi hakiponi kwa pombe. Tangawizi na asali katika maji ya moto hutuliza koo vilevile, na kikohozi kikipita wiki mbili mzee apelekwe akapimwe kifua kikuu.

Dawa za shinikizo ni jambo la tatu. Nyingi zake zikikutana na pombe huteremsha shinikizo kupita kiasi, na mzee akiamka usiku kwenda haja anaweza kuona kizunguzungu akaanguka. Daktari wake aambiwe ukweli kuhusu vikombe hivyo, apate kumshauri.

Tunafahamu kuwa mkaza mwana hamkemei baba mkwe, nasi hatukuambii uivunje heshima hiyo. Mweleze mumeo leo hii, naye amchukue mdogo wa mzee, au rika lake anayemsikiliza, waende wakazungumze naye. Suala la sigiri lakini lisingoje kikao. Itoe mwenyewe, kwa upole, ukisema umekuja kuyachukua makaa ya kupikia.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni Mwislamu wa Mbale, na kazini tunao wenzetu Wakristo watakaoandaa mvinyo wa moto katika tafrija yetu huko Kapchorwa. Mmoja wao ananiambia kwamba ukichemshwa vizuri pombe yote huisha, kwa hiyo na mimi naweza kunywa. Je, ni kweli? Na je, ipo njia ya kupata kinywaji kama hicho bila pombe?

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yetu. Si kweli, na anayekuambia hivyo amekosea ingawa nia yake ni njema. Jedwali lile lile tulilolitaja juu linaonyesha kwamba hata baada ya saa mbili na nusu za kutokota, karibu asilimia 5 ya pombe hubaki. Mvinyo wa moto uliopikwa inavyotakiwa, bila kutokota, hubaki na sehemu kubwa mno ya pombe yake. Jibu hili linawahusu pia mama mjamzito na mtu yeyote aliyekatazwa pombe na daktari.

Njia ya pili ipo, na sisi tunaipenda kwa haki yake yenyewe. Chukua maua makavu ya choya, yale mekundu ambayo wengi sokoni huyaita hibiskasi, kiasi cha konzi moja, uyachemshe kwa dakika 10 katika lita moja ya maji pamoja na vijiti viwili vya mdalasini, punje 4 za karafuu, iliki 4, tangawizi na ganda la chungwa. Hapa chemsha kwa uhuru kabisa. Chuja, tia asali, kisha ongeza glasi moja ya maji ya machungwa yaliyokamuliwa au ya zabibu. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, na uchachu wa choya unachukua mahali pa ukali wa mvinyo vizuri kuliko maji matamu ya matunda peke yake. Choya nayo ina asidi, kwa hiyo onyo la sufuria ya alumini linabaki pale pale, na kwa kuwa huteremsha shinikizo la damu kidogo, anayemeza dawa za ugonjwa huo asinywe vikombe vingi. Waombe wenzako wakupikie katika sufuria ya peke yake na wakutengee upawa wake. Wakielezwa mapema wataona fahari kukuandalia.

Swali: Tunaandaa kuhingira, yaani sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, ya binti yetu hapa Rukungiri, mwezi wa Julai, na jioni tunataka kuwapa wageni 20 mvinyo wa moto baada ya chakula. Tununue chupa ngapi, tutumie vikombe vya namna gani, na kitakachobaki tukifanye nini?

Jibu: Hongereni kwa binti yenu. Mgeni mmoja anatosheka na mililita 150, na wageni 20 wanahitaji lita 3, yaani chupa 4. Viungo havizidishwi kwa hesabu hiyo hiyo, kwa sababu sufuria kubwa hukaa motoni muda mrefu zaidi na viungo hupata nafasi ya kutoa nguvu yake yote. Kwa chupa 4 wekeni punje 12 za karafuu, vijiti 5 vya mdalasini na iliki 8, mkiongeza sukari polepole kwa kuonja. Ukiisha kuwa tayari, chujeni wote kwa pamoja na kuutia katika chupa za chai zinazotunza joto, ambazo hazijazoea harufu ya chai ya maziwa. Msiuache juu ya sigiri ukiwangojea wasemaji wamalize hotuba.

Vikombe vya udongo au vya kauri vyenye mkono ndivyo vizuri zaidi. Vya enameli huunguza midomo, na bilauri za kioo chembamba hupasuka zikimiminiwa kitu cha moto ghafla. Mkisha kumimina, wapeni wageni dakika chache kabla ya kunywa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la kuzidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio, na pombe yenyewe tayari ni mojawapo ya visababishi vya saratani hiyo. Mgeni anayeweza kunywa funda la kawaida bila kuvuta hewa mdomoni yuko salama kwa upande huo. Wale watakaoendesha gari usiku katika kona za barabara zenu wapewe kile cha choya.

Kitakachobaki, kwa kuwa mmekwisha kukichuja, kitieni katika chupa ya kioo, kiacheni kipoe, kisha kikae katika friji kwa siku tatu. Kipasheni mara moja tu tena, kwa moto ule wa majivu, na kisichonyweka hapo kitumieni kupikia mananasi au matunda ya damu yaliyomenywa, mkiacha yatokote hadi mchuzi uwe mzito.